Jaisalmer kwa wikiendi moja: watu wanane, treni ya usiku na hema la jangwani

SWALI: Habari za kazi. Nafanya kazi Noida, jirani na Delhi. Ofisini tumekubaliana watu wanane twende Jaisalmer mwezi Januari. Tunataka tutoke Ijumaa baada ya kazi na Jumatatu asubuhi tuwe mezani. Watatu tunatoka Afrika Mashariki: mimi na dada mwenzangu wa Dodoma, na kaka mmoja wa Nakuru. Watano ni Wahindi, na wanne kati yao hawagusi nyama. Wote wanataka kulala kwenye mahema jangwani. Je, muda unatosha? Tulale wapi, na ni kitu gani huharibu safari za namna hii?

JIBU: Dada, muda unatosha kwa kubanabana, na kinachowabana ni njia. Delhi hadi Jaisalmer kwa barabara ni kilomita zisizopungua 770, kwa sababu mji huo wa jimbo la Rajasthan uko pembeni kabisa mwa India, upande wa mpaka wa Pakistan. Treni ya moja kwa moja huchukua kama saa 17 au 18. Mkiipanda Ijumaa jioni inawashusha Jumamosi karibu na adhuhuri, na ile ya kurudi Jumapili jioni inawafikisha Delhi Jumatatu kuelekea mchana, bosi akiwa ameshauliza mara tatu mko wapi. Kila mtu huitaja treni hiyo kwanza. Nyinyi iondoeni kwenye hesabu.

Njia inayowafaa ni ya Jodhpur. Treni iitwayo Mandore Express huondoka Delhi kama saa tatu na ushee usiku na kufika Jodhpur kama saa mbili asubuhi. Ya kurudi huondoka Jodhpur karibu saa mbili usiku na kuingia Delhi kabla ya saa moja asubuhi. Kati ya hapo mnakodi gari. Ratiba husogea kwa dakika kadhaa kila inapotolewa upya, kwa hiyo thibitisheni kabla ya kulipa. Angalieni pia kituo: treni hii huanzia Old Delhi, ambacho kwenye tiketi huandikwa DLI, si New Delhi, NDLS. Ni vituo viwili tofauti, na kila wikiendi kuna watu wanaosimama kwenye jukwaa la kituo kingine huku treni yao ikiondoka. Kutoka Noida pandeni metro ya mstari wa bluu hadi Rajiv Chowk, mbadilishe kwenda mstari wa njano, mshuke Chandni Chowk. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu. Ijumaa jioni jipeni saa mbili nzima tangu mlangoni kwa ofisi.

Na mkisomeana muda kwa simu, kumbukeni kwamba tiketi za India zinaandikwa kwa saa 24. 20:00 ni saa mbili usiku. Mswahili aliyezoea saa zetu akiambiwa upesi upesi huweza kushika "saa nane", na hilo si la kucheka likishatokea.

Sasa Januari. Jangwani huo ni mwezi mzuri sana, tatizo liko Delhi. Tangu katikati ya Desemba hadi mwishoni mwa Januari ukungu mzito hulala juu ya tambarare za kaskazini. Treni huchelewa kwa saa nyingi na ndege za asubuhi husubirishwa au kufutwa. Mpango wenye mwanya wa saa moja na nusu Jumatatu asubuhi hauwezi kusimama juu ya ukungu huo. Kama tarehe bado zinaweza kusogezwa, chukueni Novemba baada ya Diwali, au Februari. Kwa Februari ulizeni kwanza tarehe za Tamasha la Jangwa, linalofanyika siku za kuelekea mwezi mpevu wa mwezi wa Magh wa kalenda ya Kihindu. Siku hizo vyumba hujaa na bei hupaa. Wikiendi yenye tarehe 26 Januari, Siku ya Jamhuri, nayo huwa na msongamano, na siku hiyo pombe haiuzwi nchi nzima.

Ushauri wangu ulio wazi ni huu: ombeni ruhusa ya Ijumaa moja. Mkiondoka Alhamisi usiku mnapata siku mbili kamili na nusu, na safari inageuka kutoka mbio kuwa mapumziko. Ikishindikana kabisa, fikirieni kuishia Jodhpur. Ngome ya Mehrangarh, iliyoanzwa na Rao Jodha mwaka 1459, inasimama juu ya mwamba katikati ya mji na ina makumbusho yaliyopangwa vizuri kuliko ya ngome ya Jaisalmer. Mchanga nao upo Osian, kama kilomita 65 kutoka hapo. Mtaona ngome na jangwa bila kukaa garini saa kumi. Lakini najua mioyo ikishaenda Jaisalmer haigeuki, basi tuendelee nayo.

Tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla ya safari. Kwa treni ya Ijumaa au Jumapili msisubiri hata wiki. Daraja linalofaa kundi ni 3A, lenye kiyoyozi, shuka na blanketi. Kila sehemu ya behewa hilo ina vitanda vinane: sita vinavyotazamana, vitatu kila upande, na viwili kando ya ujia. Watu wanane mnajaa sawasawa. Kikwazo ni kwamba tiketi moja hupokea majina sita tu. Wawili wenye akaunti za IRCTC, tovuti ya tiketi za reli ya India, wakae pamoja dakika ileile, mmoja akate sita na mwingine wawili, na wote waweke tiki kwenye chaguo la kukata ikiwa tu vitanda vyote viko behewa moja. Mkitawanyika mabehewa matatu mtashinda mnapigiana simu.

Ukiona herufi WL mko kwenye orodha ya kusubiri. Tiketi ya mtandaoni ambayo majina yake yote yamebaki WL baada ya orodha ya mwisho kutoka hujifuta yenyewe, pesa hurudi, na hamruhusiwi kupanda. RAC maana yake mnapanda, lakini watu wawili mnagawana kitanda kimoja cha pembeni, mkiwa mmeketi. Tatkal, yaani tiketi za dharura, hufunguliwa siku moja kabla, saa nne asubuhi kwa madaraja yenye kiyoyozi, majina manne kwa tiketi. Sasa hivi zinahitaji akaunti iliyothibitishwa kwa Aadhaar, namba ya utambulisho ya India, kwa hiyo kazi hiyo mwachieni mwenzenu Mhindi. Tatkal iliyothibitishwa hairudishiwi pesa mkiifuta. Majina yenu watatu yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, na pasipoti iwe mkononi mkaguzi akipita.

Ndege zipo za moja kwa moja kutoka Delhi hadi Jaisalmer, nyingi zikiwa za msimu wa baridi, na angani ni kama saa moja na nusu. Uwanja huo ni wa jeshi la anga, hivyo msipige picha ndani wala nje. Wakati wa mapigano ya India na Pakistan mwezi Mei 2025, viwanja 32 vya kaskazini na magharibi mwa India vilifungwa kwa siku kadhaa, huo ukiwemo, kwa hiyo tazameni habari kabla ya kulipa. Mkichagua ndege, msitafute viti vinane kwa mkupuo. Mashirika huuza viti kwa mafungu ya bei. Likiwa limebaki fungu la viti vitatu vya bei ya chini, mfumo unawapandisha wote wanane bei ya fungu linalofuata. Tafuteni kwanza kiti kimoja, mwone bei, kisha mkate wawiliwawili au watatuwatatu.

Gari la kukodi Jodhpur liwe basi dogo la viti 12, lile ambalo kila Mhindi analiita Tempo Traveller. La viti tisa mtakaa mkipakata mabegi. Hesabu ya umbali ni rahisi: Jodhpur hadi Jaisalmer ni kama kilomita 280, kwenda na kurudi 560. Jaisalmer hadi Sam, kwenye vilima vya mchanga na kambi za mahema, ni 42, kwenda na kurudi 84. Ongezeni mizunguko ya kijiji mahame cha Kuldhara na mjini, mnakaribia 680. Wenye magari hutoza kwa kilomita na huweka kiwango cha chini kwa siku, mara nyingi kilomita 250 au 300, hata kama gari limelala. Mkikodi siku tatu kwa kiwango cha 300 mtalipia 900. Hilo lijadilini kabla, na muulize kwa maandishi kama bei ina ushuru wa barabara, maegesho, kodi ya serikali na posho ya dereva ya kulala. Vitu hivyo vinne ndivyo huibuka mwisho wa safari.

Barabara yenyewe ni nzuri. Inapita Pokhran, ambako India ilifanya majaribio ya nyuklia mwaka 1974 na 1998, lakini eneo hilo ni la jeshi na barabarani hamtaona kitu zaidi ya vibanda vya chai. Wekeni saa tano pamoja na kusimama mara moja. Msiendeshwe usiku: ng'ombe na ngamia hulala juu ya lami kwa sababu inatunza joto, na misafara ya malori ya jeshi haina haraka ya kuwapisha.

Mkiwa na Ijumaa, siku ya kwanza fikeni mjini saa nane mchana, mle, mtembee mitaa ya haveli, yale majumba ya zamani, na jioni mkae ziwa Gadisar. Jumamosi asubuhi iwe ya ngome, alasiri Kuldhara, na jioni jangwani. Jumapili ondokeni Sam saa tatu asubuhi. Mtafika Jodhpur kama saa tisa na nusu na kubaki na muda wa kula na kuzunguka soko la mnara wa saa kabla ya treni. Mkiwa na Jumamosi na Jumapili tu, geuzeni: jangwa kwanza, mji baadaye. Majira ya baridi jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni. Mkianzia mjini mtafika kwenye mchanga gizani. Jumapili ondokeni kambini saa mbili asubuhi, muwe langoni kwa ngome saa tatu, na saa saba mchana gari liwe limewasha injini. Hapo mna saa nne tu za Jaisalmer.

Kuhusu mahema, hapa ndipo pesa nyingi na kinyongo kingi hupatikana. Kambi nyingi za Sam hazipo kwenye mchanga. Zimejipanga kando ya barabara, kwenye uwanda wa changarawe, na vilima vya mchanga viko mbali kidogo. Picha mtakayotumiwa itaonyesha hema peke yake katikati ya mchanga wa dhahabu. Muulize mwenye kambi atume alama ya ramani ya hema lenyewe, si ya ofisi, na mpime umbali. Kambi za kawaida hutoza takribani rupia 2,000 hadi 5,000 kwa mtu, pamoja na chakula cha usiku, kifungua kinywa, muziki na kupanda ngamia, na kati ya Krismasi na Mwaka Mpya bei hiyo msiitegemee. "Kupanda ngamia" katika kifurushi hicho ni dakika 20 au 30, kwenda juu ya kilima na kurudi. Gari la kupanda na kushuka vilima huuzwa kando, na kwa maoni yangu liacheni. Hupakia watu wakiwa wamesimama nyuma, hakuna mkanda, na likipinduka mko kilomita 40 kutoka hospitali.

Ulizeni na kupata jibu kwa WhatsApp: hema lina choo chake? Maji ya moto yanatoka bombani au huletwa kwa ndoo? Kila kitanda kina blanketi ngapi? Muziki unazimwa saa ngapi? Swali la mwisho ndilo watu husahau. Kambi yenu ikinyamaza saa nne usiku, ya jirani inaweza kuendelea na spika kubwa hadi usiku wa manane, na turubai halizuii besi. Wanaotaka utulivu waende Khuri, kijiji kilichoko kama kilomita 50 kusini-magharibi mwa mji. Vilima vyake ni vidogo kidogo, lakini nyota zinaonekana na mnalala. Kwa kundi la watu wanane nisingesita kuchagua Khuri. Sam inafaa kama wenzenu wanataka kucheza muziki wa filamu hadi sauti ziwakauke.

Popote mtakapolala, ombeni mapema wanamuziki wa Kimanganiyar badala ya spika. Hawa ni Waislamu ambao kwa vizazi vingi wamewaimbia mabwana wa Kirajput, watawala wa zamani wa Rajasthan, nyumbani kwao, kwenye harusi na kwenye uzazi, wakipokezana kazi hiyo baba kwa mwana. Tazameni kwa karibu kamaicha: bakuli la mti wa mwembe lililowambwa ngozi ya mbuzi, nyuzi nyingi, na upinde mrefu unaosuguliwa juu yake. Mwingine hushika khartal, vipande viwili vya mbao ngumu kila mkono, na kuvigonga kwa kasi isiyofuatika kwa macho. Wapeni kitu mkononi, maana kinachobaki kwao kwenye bei ya kifurushi huwa kidogo.

Ngamia huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza. Asiyeambiwa hurushwa mbele na kupiga kifua kwenye kiti. Lalieni nyuma, mshike kishikio kwa mikono miwili, na mfanye hivyohivyo anapopiga magoti kushuka. Mtu mmoja ngamia mmoja. Wakiwapandisha wawili wawili ili kuokoa ngamia, kataeni. Suruali ndefu ni lazima, maana kaptula na lile tandiko vitawachubua mapaja ndani ya robo saa.

Mchana wa Januari ni joto la kupendeza la kama nyuzi 24, lakini usiku hushuka hadi 7 au 8 na mchanga hautunzi joto hata kidogo. Mliozoea Dodoma na Nakuru mnajua baridi ya usiku, ila hii ni kavu zaidi: midomo hupasuka na pua huuma. Beba sweta zito, soksi, kofia ya kufunika masikio, mafuta ya midomo na ushungi au skafu ya kuziba pua upepo ukivuma. Anayevaa lenzi za macho achukue miwani. Mwenye pumu asitoke bila kifaa chake. Kamera msiibadilishe lenzi juu ya mchanga.

Ngome sasa. Rawal Jaisal, mtawala wa Kirajput wa ukoo wa Bhati, aliijenga mwaka 1156 alipohama mji wake wa zamani wa Lodhruva. Imekaa juu ya kilima cha Trikuta, ina buruji 99, na kuta zake ni za jiwe la manjano linalobadilika rangi jua likishuka. Tangu 2013 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na ngome nyingine tano za Rajasthan. Upekee wake ni kwamba watu bado wanaishi ndani, maelfu kadhaa, wakiwa na maduka, mahekalu na nyumba za wageni. Kuingia ni bure. Mnachokilipia ni makumbusho ya jumba la kifalme, na mgeni hulipa zaidi ya Mhindi, msigombane na mkata tiketi.

Mnapita malango manne yaliyopindishwa, kusudi tembo wa adui asipate nafasi ya kukimbia na kugonga mlango. Inueni macho mwone mawe ya mviringo yaliyopangwa juu ya kuta, tayari kuvingirishwa juu ya vichwa vya wavamizi. Moja kwa moja nendeni mahekalu ya Kijaini, dini ya kale ya India, yaliyochongwa kati ya karne ya 12 na ya 16. Wageni huruhusiwa asubuhi, na kuelekea adhuhuri mlango hufungwa kwa ajili ya ibada, ndiyo maana nasema muanzie hapo. Viatu, mikanda, pochi na kitu chochote cha ngozi vinabaki nje. Kuna kibao kinachowaomba wanawake walio hedhini wasiingie. Nawatajia ili kisiwashtue mlangoni.

Je, mlale ndani ya ngome? Nyumba za wageni zipo, mandhari ni ya ajabu, na jibu langu ni hapana. Ngome hiyo ilijengwa kwa watu waliokuwa wakibeba maji kwa mitungi. Maji ya bomba yalipofika, na vyoo vya kuvuta na mabafu ya wageni kuongezeka, mifereji ya zamani ilizidiwa. Maji hupenya chini, hulainisha tabaka za udongo zilizo chini ya mawe, na kuta husogea. Baadhi ya buruji ziliporomoka miaka ya 1990. Kila bafu la moto la mgeni ni lita zinazokwenda palepale. Mjini chini ya ngome kuna hoteli nyingi zenye paa linaloitazama, na kwa kweli ngome inaonekana vizuri zaidi ukiwa nje yake.

Haveli ni majumba ya wafanyabiashara waliotajirika na misafara ya ngamia. Patwon ki Haveli ni majumba matano ya familia moja, ujenzi ukianza mwaka 1805. Zaidi ya moja lina tiketi yake, chagueni moja tu la kuingia, mengine yatazameni kwa nje. Nathmal ki Haveli ya mwaka 1885 ilichongwa na ndugu wawili, kila mmoja upande wake. Simameni katikati ya barabara mlinganishe kushoto na kulia, mtaona michoro haifanani. Utajiri huo ulikatwa na bahari: Bombay ilipokua, bidhaa ziliacha mgongo wa ngamia zikapanda meli. Sisi wa pwani tunaijua sura ya pili ya habari hiyo. Forodha ya Zanzibar karne ya 19 ilikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, magharibi mwa India, na Wabhatia husimulia kwamba asili yao ni Wabhati wa Jaisalmer.

Kuldhara, kijiji mahame kilichoko kama kilomita 18 kutoka mjini, inatosha dakika 45. Mtasimuliwa kuwa Wabrahmani wa jamii ya Paliwal walihama usiku mmoja, vijiji 84, kumkimbia waziri Salim Singh aliyemtaka binti wao. Kodi nzito na visima kukauka ni maelezo yenye uzito zaidi, ingawa hayauzi tiketi. Mwongoza njia awe na kitambulisho cha serikali, na mkubaliane bei kabla. Akiwaingiza duka la vitambaa, jueni ana fungu lake. Humo kuna shuka ambazo muuzaji atawaapia zinaongeza nguvu za kiume. Chekeni mtoke.

Kwa nyinyi watatu kuna jambo la karatasi. Kila anayempokea mgeni kutoka nje lazima ajaze fomu ya taarifa za mgeni, ambayo wengi huiita Form C, na kuituma serikalini ndani ya saa 24. Nyumba nyingi ndogo na baadhi ya kambi hazijasajiliwa kwa hilo, na badala ya kusema mapema hukataa wageni wakishafika mlangoni saa tatu usiku. Kabla ya kulipa andikeni: "Tuko wageni watatu, mnajaza Form C?" Bebeni pasipoti halisi na kibali chenu cha ukaazi, pamoja na nakala mbili za kila kimoja. Droni na simu za setilaiti ziacheni nyumbani, ni eneo la mpaka na mtahojiwa.

Hapohapo kuna mtego wa kundi mchanganyiko. Wenzenu Wahindi wanaweza kupendekeza kwenda hekalu la Tanot na Longewala, uwanja wa vita vya India na Pakistan vya 1971, kama kilomita 120 kuelekea mpakani. Wao wataruhusiwa. Nyinyi mnahitaji kibali cha ofisi ya wilaya, ambacho hakipatikani Jumapili. Lisemeni hilo mapema ili watatu msije mkabaki kwenye kizuizi mkiwasubiri watano.

Jiandaeni pia kuombwa picha, hasa na familia za Wahindi zilizotoka miji midogo. Wengi hawana nia mbaya. "Nahi, shukriya", yaani hapana, asante, yenye tabasamu inatosha, na anayenyoosha mkono kushika nywele mwambieni hapana bila aibu.

Chakula hakitawasumbua wale wanne, maana Jaisalmer ni mji wa mboga. Waagize dal baati churma, yaani vidonge vya ngano vilivyookwa vikavunjwa kwenye dengu na samli, na ker sangri, matunda na maganda ya vichaka vya jangwani yaliyokaushwa. Walaji nyama watafute laal maas, mbuzi mwenye pilipili nyekundu isiyo na mzaha. Migahawa mingi haipiki nyama kabisa, kwa hiyo chagueni wenye majiko yote mawili. Anayetaka halali aulize kambini siku mbili kabla. Vijiji vya magharibi mwa wilaya vina Waislamu wengi na hilo hupangika. Maduka ya pombe Rajasthan hufungwa saa mbili usiku. Duka la bhang, yaani bangi ya kunywa, lenye kibali cha serikali, chini ya ngome, lipiteni. Huchelewa kushika, mtu akadhani ni hafifu akaongeza glasi ya pili, kisha safari nzima ikawa ya kumuuguza.

Pesa: mchagueni mweka hazina mmoja, na kila mtu atoe mchango kamili kabla ya tiketi ya kwanza kukatwa. Mnajua michango ya harusi inavyokwenda, ahadi nane na pesa tano. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba anayejitoa analipia kitanda chake cha treni na sehemu yake ya gari, au analeta mbadala. Jangwani mtandao hukatika na malipo ya simu hugoma, hivyo kila mmoja awe na rupia taslimu za kutosha kwa ngamia, wanamuziki na dereva.

Jumatatu treni ikiwahi mtashuka Old Delhi kabla ya saa moja asubuhi na metro itakuwa imeshaanza. Noida mtafika kama saa mbili na nusu, mkiwa na mchanga kwenye masikio. Mwambieni bosi saa tano.